Visahani vya Mwalimu Baukje

Mwalimu Baukje Terpstra alipewa kiti cha nyuma kabisa, kando ya dirisha, akaambiwa akae hapo na asifungue kinywa. Aliyemwambia ni Jorrit, mwalimu mkuu, kijana ambaye Baukje angeweza kumzaa. Akakaa. Mikono akaipakata mapajani kama mtu aliye kanisani, akauma meno.

Mbele, kwenye meza ndogo, alikaa Jildou, mtoto wa miaka minane, miguu yake ikining'inia bila kufika sakafuni. Mkono mmoja wa sweta lake ulikuwa umelowa, kwa sababu mtoto huyu akiogopa hutafuna sweta. Aliyemkabili alikuwa Bi Van Galen, mama mwenye nywele fupi kutoka ofisi ya mjini inayoshughulika na watoto waliobaki nyuma. Mlangoni alisimama Wytske, mama wa mtoto, aliyetoka moja kwa moja kukamua ng'ombe. Viatu vyake vya mpira alikuwa ameviacha nje, naye alikuwa amesimama na soksi.

Wote walijua kilichowakutanisha. Jildou akishindwa kujibu hesabu za kuzidisha asubuhi ile, baada ya likizo ya Krismasi hatarudi tena katika shule ya kijiji. Atapanda lile gari jeupe linalozunguka mashambani alfajiri kukusanya watoto wa shule maalumu ya mjini Leeuwarden. Nyumba kwa nyumba, gizani, mvua ikinyesha. Na kijijini Itsum kila mtu alijua kwamba aliyelipanda gari lile hakurudi darasani kwa wenzake. Jioni anarudishwa amechoka, anakuta wenzake wameshacheza wamemaliza, na baada ya mwaka mmoja hata jina lake wanalikumbuka kwa kukisia.

"Tuanze," alisema Bi Van Galen.

Zamani mambo haya hayakuwapo. Baukje mwenyewe alijifunza tebo za kuzidisha kama sisi sote tulivyojifunza, kwa koo. Darasa zima lilisimama, madirisha wazi, likaimba tebo ya saba mpaka muuza maziwa aliyepita barabarani akaitikia. Aliyekuwa mzito alibebwa na sauti za wenzake, kama mtoto anayefundishwa kuteleza kwenye barafu akiwa ameshika kiti. Hakuna aliyempimia saa. Lakini waliokuja baadaye, wenye shahada zao, wakasema kuimba ni kukariri na kukariri si kujua. Wakafunga madirisha. Kisha wakaleta vishikwambi, kila mtoto na chake, na hesabu ikawa jambo la mtu na kioo. Ukipita nje ya shule leo unaweza kudhani kuna maiti ndani.

Kwenye kioo kile, juu ya kila swali, kuna mstari wa buluu unaofupika. Ukiisha kabla hujajibu, unageuka mwekundu, swali linaondoka. Watoto wengi hawajali. Jildou aliutazama mstari ule kama mtu anayetazama maji yakipanda ngazi za nyumba yake, na swali lenyewe hakuliona kabisa.

"Nne mara sita unaijua?" Baukje alimwuliza siku moja wakati wenzake wanavaa makoti.

"Naijua."

"Mbona umeacha wazi?"

"Nilikuwa naangalia ule mstari, mwalimu. Ulikuwa unaisha."

Baukje hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na chumba kile cha darasa, na tangu ujana wake kila mtoto wa Itsum alipita humo akatoka na tebo kichwani kama anavyotoka na meno mapya. Alijaribu kila njia kwa Jildou. Aliwapangia watoto kuruka kamba, kila mruko ukiwa tatu nyingine. Aliwapeleka nje kwenye ngazi za tuta la bahari wakapanda kwa nne nne wakipiga kelele mpaka kondoo wakakimbia. Alikata mkate mweusi vipande akawaambia, atakayejibu ale. Jildou alikula mkate, akapanda tuta, akaruka kamba kuliko wote, na aliporudi mbele ya kioo akaanza kutafuna sweta.

Ndipo Baukje akaenda kwa kaka yake kutoa ubao wa marehemu baba yao.

Baba yao, Gosse Terpstra, alikuwa seremala, na katika maisha yake alitengeneza milango, majeneza na mbao za sjoelen. Hakuna nyumba ya kwetu iliyokosa ubao wa sjoelen zamani. Ni ubao mrefu, laini, wenye kingo, na mwishoni una milango minne midogo. Unasimama upande huu, unasukuma visahani vya mti viteleze viingie milangoni. Milango ina thamani yake: mbili, tatu, nne, moja, kwa mpangilio huo. Jumamosi jioni, kahawa mezani na biskuti moja kwa kila mtu, ukoo mzima ulizunguka ubao, bibi akibishana na mjukuu juu ya kisahani kilichosimama nusu mlangoni. Hesabu tulijifunza humo bila kujua kwamba tunajifunza. Leo mbao zile zimeegemezwa ghalani nyuma ya mashine za kukatia majani, na ukoo umeinama kila mmoja juu ya simu iliyo kiganjani mwake.

Mchezo una kanuni moja ambayo mtoto wa kwetu huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukipata kisahani kimoja katika kila mlango, yaani mbili na tatu na nne na moja, umejaza safu. Jumla yake ni kumi, lakini hupewi kumi. Unapewa ishirini. Safu iliyojaa huhesabiwa mara mbili, na hapo ndipo utamu wote wa mchezo ulipo. Asiyejua atajaza mlango wenye thamani ya nne peke yake akidhani anatajirika, na bibi kizee atamshinda kwa safu zake.

Baukje aliweka ubao juu ya meza mbili darasani. Siku nyingine waliuchezea kama ulivyo. Siku nyingine aliandika kwa chaki juu ya milango: sita, saba, nane, tisa, na hapo visahani vitano mlangoni pa nane vikawa arobaini bila mtu kumwogopa mtu. Kelele za mti kugonga mti zilijaa jengo zima.

"Safu ikijaa tunazidisha mara mbili, mwalimu, kama nyumbani?" aliuliza Sybren, mtoto mwenye mdomo kuliko kimo.

"Kwani hapa ni wapi?" alijibu Baukje. "Sjoelen ni sjoelen."

Jildou aligeuka mtoto mwingine. Alikuwa na mkono mzuri, visahani vyake viliteleza pasipo kugonga kingo, na hesabu yake aliitaja kabla cha mwisho hakijatulia. Sybren alipoona anashindwa, akatafuta pa kuuma.

"Jildou, gari lako limefika! Nenda kavae koti!"

"Kapande wewe," alijibu Jildou bila kugeuka. "Mdomo wako upewe kiti chake."

Darasa likacheka mpaka Sybren mwenyewe akacheka. Baukje alijifanya anatafuta chaki. Tangu Septemba hakuwa amemsikia mtoto yule akimjibu mtu.

Jorrit alikuja mara moja, akasimama mlangoni, mikono mifukoni. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alikuwa amezaliwa baada ya kila kitu.

"Mwalimu Baukje, kelele zinafika mpaka darasa la pili. Wenzako wanasoma kimya."

"Wakiwa kimya hivyo kawaguse, uhakikishe wanapumua."

Alitabasamu kidogo, akaendelea kutazama ubao. "Na hii ya safu kuhesabiwa mara mbili, haiwachanganyi? Mbili, tatu, nne na moja ni kumi. Wewe unawaambia ishirini."

"Jorrit, mwanangu, wewe umekulia wapi?"

"Mbali na huku. Utrecht."

"Ndiyo maana."

Watoto walicheka, naye akaondoka amewiva masikio. Baukje alijiona ameshinda.

Ulipofika mtihani wa Desemba kioo kilimshinda Jildou kama kawaida. Mstari ulifupika, sweta likaingia mdomoni, maswali yakaondoka mengi kuliko yaliyojibiwa. Ofisi ya mjini ikasema gari litampitia baada ya likizo. Baukje hakulala usingizi wa maana. Alipiga simu mjini, akapiga tena, akaambiwa mhusika yuko kikaoni, akasema atasubiri hapo hapo kwenye simu mpaka kikao kiishe au yeye afe. Mwisho wake Bi Van Galen akakubali kuja kumwuliza mtoto kwa mdomo. Sharti lake ni moja: mwalimu asitie neno. Akitia neno hata moja, mtihani umevunjika.

Na sasa Bi Van Galen alikuwa ameegemea kiti, kompyuta yake imefunguliwa pembeni.

"Nne mara saba?"

Chini ya meza, Baukje aliuona mkono wa kulia wa mtoto ukisogea mbele kidogo, kama unaosukuma kitu. "Ishirini na nane."

"Sita mara nane?"

Mkono ukasogea. "Arobaini na nane."

"Tisa mara saba?"

Trekta lilipita nje, vioo vya madirisha vikatetemeka. Wytske pale mlangoni alipandisha kidole cha mguu mmoja juu ya mwingine. Mkono wa mtoto ulisukuma, ukarudi, ukasukuma tena.

"Sitini na tatu."

Bi Van Galen aliandika bila kuonyesha lolote. Akauliza nane mara nane, akapewa. Akauliza tano mara tisa, akapewa kabla hajafunga mdomo. Sweta lilikuwa limetoka mdomoni. Baukje alianza kupumua kwa tumbo. Jorrit, aliyeegemea ukuta upande wa pili wa chumba, alimtazama, akamwinulia nyusi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule wawili hao walikuwa upande mmoja.

"Vizuri sana, Jildou," alisema Bi Van Galen, na uso wake ukalegea. "Haya, nakupa moja rahisi, ya kumalizia, halafu ukacheze. Tatu mara kumi?"

"Sitini," alisema Jildou papo hapo.

Hakuna aliyesogea. Ingawa jibu lilitoka kwa sauti kubwa, kila mtu alidhani amesikia vibaya.

"Tatu mara kumi," alirudia Bi Van Galen taratibu.

"Sitini," alisema mtoto, akawatazama mmoja mmoja, kisha mkono wa sweta ukaanza kupanda kuelekea mdomoni.

Baukje alielewa hapo hapo, na alivyoelewa, alihisi kama aliyekanyaga barafu akasikia inapasuka chini yake. Mbili, tatu, nne na moja. Kichwani mwa mtoto yule hapakuwa na kumi nyingine duniani ila hiyo. Kumi kwake ilikuwa safu, na safu ikijaa ni ishirini. Ubao ulimfundisha, na mwalimu wake ndiye aliyekataa kuusahihisha kwa sababu alitaka mchezo ubaki kama wa baba yake. Aliyemwonya alikuwa pale pale ukutani. Jorrit angeweza kumtazama kwa jicho la nilikwambia. Badala yake aliangalia sakafu, na hilo likauma zaidi.

Baukje akajikuta amesimama.

"Kosa hilo si lake. Ni la..."

"Mwalimu!" Bi Van Galen hakupandisha sauti. "Tulikubaliana."

"Lakini mtoto..."

"Baukje, kaa," alisema Jorrit kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Utamharibia."

Alikaa. Wytske alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bi Van Galen aliiangalia kompyuta yake, kidole kikiwa hewani juu ya herufi, na kidole kile Baukje alikiona kikubwa kuliko kanisa. Kikishuka tu, mambo yamekwisha: gari, alfajiri, giza, shule ya mbali.

Kidole hakikushuka.

"Jildou, hiyo sitini umeitoa wapi?"

Mtoto alimgeukia Baukje kutafuta msaada. Baukje aligeuza uso dirishani, akaitazama mvua ikipiga uwanja mtupu. Katika maisha yake yote ya kufundisha hakuwahi kumnyima mtoto uso wake.

"Safu tatu," alisema Jildou kwa sauti ndogo.

"Safu gani?"

"Zilizojaa. Ishirini, arobaini, sitini."

"Mimi nimesema kumi."

"Kumi si ndiyo imejaa?"

Bi Van Galen alikunja uso. Wytske akashindwa kuvumilia. "Jildou! Ng'ombe! Fikiria ng'ombe!"

"Mama, tafadhali," alisema Bi Van Galen. Kisha akasema: "Haya, ng'ombe. Baba yako ana mazizi matatu. Kila zizi lina ng'ombe kumi."

"Hatuna mazizi matatu."

"Tuseme mnayo."

"Tuna moja. Na kibanda cha ndama, lakini kinavuja."

"Kwa jirani, basi."

"Kwa akina Sybren?"

"Ndiyo, kwa akina Sybren. Mazizi matatu, kila moja ng'ombe kumi."

"Thelathini," alisema Jildou, kama anayeulizwa jina lake.

"Kwa nini si sitini?"

"Ng'ombe hawahesabiwi mara mbili hata zizi likijaa. Hiyo ni kwenye..." Akasimama hapo. Mdomo ukabaki wazi. Mkono wake ulikuwa umesukuma mbele, ukabaki umenyooka juu ya meza, mbele ya watu wote. "Aa! Ulisema kumi. Hukusema safu. Basi ni thelathini. Na ile ya kwanza pia ilikuwa thelathini."

Bi Van Galen alirudisha kidole chake mezani. "Kwa kawaida jibu la kwanza ndilo linalohesabiwa," alisema hatimaye, na Wytske akatoa sauti kama ya mnyama. "Ngojeni. Nimesema kwa kawaida. Jildou, toka nje ukacheze."

"Mvua inanyesha."

"Kacheze mvuani."

Mtoto aliteremka kitini, akapita mbele ya mama yake, mlango ukafungwa.

"Mtoto anayeweza kunionyesha mahali alipokosea hana kasoro ya hesabu," alisema Bi Van Galen. "Anabaki. Nitaandika hivyo." Wytske aliketi chini, sakafuni, na soksi zake. "Kasoro ipo, Mwalimu Terpstra, lakini haiko kwake. Huo mchezo sikukatazi. Nimeona mkono wake, najua umemfanyia nini. Lakini hiyo kanuni ya safu kuzidishwa mara mbili iondoke darasani. Leo."

"Bila hiyo si sjoelen," alisema Baukje.

"Basi uite jina lingine."

Baukje alimfikiria baba yake, ambaye kwa neno kama hilo angemfukuza mtu nyumbani kabla ya kahawa. Kanuni ile ilishuka toka kwa babu kwa bibi, toka ghala kwa ghala, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuigusa. Mwenye mamlaka ya kuifuta alikuwa mama mmoja wa mjini, asubuhi ya Jumanne, na mvua yake. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba alikuwa na haki.

"Au nimchukue mtoto?" aliuliza Bi Van Galen.

"Nimekubali," alisema Baukje.

Baada ya mapumziko watoto waliingia wamelowa, wakasukumana kuzunguka ubao. Baukje alisimama upande wa milango, akafuta chaki kwa kiwiko.

"Sikilizeni. Kuanzia leo safu iliyojaa ni kumi. Si ishirini. Kumi."

Ukelele uliozuka hapo haujapata kusikika Itsum tangu timu ya kijiji ishindwe kwa bao la mkono.

"Huo ni wizi!" alipiga kelele Sybren. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Kwa bibi yangu ni ishirini!"

"Kwa bibi yako ni ishirini. Ukifika kwake, mwambie namsalimu, na asibadilishe. Hapa ni kumi."

"Basi nani atahangaika kujaza safu?" alinung'unika Nynke, msichana mwingine. "Bora kujaza mlango wenye nne tu."

Na huo ndio ukweli. Sanaa yote ya kutawanya visahani, subira yote ya bibi zetu, ilikuwa imekwisha kwa maneno yake mwenyewe. Watoto walikwisha kupiga hesabu: visahani vyote mlango wenye nne, wasukume kama vipofu. Alimtafuta Jildou kwa macho. Mtoto alikuwa ameshika kisahani, nywele zinachuruzika maji, anapima umbali kwa jicho moja.

"Wewe unaanza," Baukje alimwambia. "Kwa mlango gani?"

"Wenye nne," alisema Jildou, akasukuma.